Viza mkononi si idhini ya kuingia: Kwa nini safari za Wakenya wengi hukatikia njiani

ABIRIA anafika kwenye kaunta ya shirika la ndege katika uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, akiwa na tiketi aliyokwisha kuilipia, sanduku lililofungwa barabara na jamaa waliojaa matatu nzima kumsindikiza. Dakika chache baadaye anawarudia kichwa chini. Hana kosa la jinai na viza anayo. Kilichomkwamisha ni tarehe iliyochapishwa katika pasipoti yake: imebakisha miezi minne kabla ya muda wake kuisha, ilhali nchi aendako inataka iwe na uhai wa angalau miezi sita.

Mikasa ya aina hii haitangazwi sana, kwani anayerudishwa nyumbani kutoka uwanja wa ndege huona haya kuisimulia. Lakini kwa familia iliyouza ng'ombe, ikachukua mkopo katika chama cha ushirika na kuitisha harambee ili kijana wao afike ng'ambo, hasara yake huchukua miaka kufidiwa.

Kiini cha tatizo ni dhana iliyokita mizizi kwamba viza ni idhini ya kuingia katika nchi ya kigeni. Sivyo. Kisheria, viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kubisha hodi. Kufunguliwa ni jambo jingine, nalo huamuliwa na mtu mwingine, mahali pengine, siku nyingine.

Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuondoka Kenya, nacho Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 13, linatambua haki ya mtu kuondoka katika nchi yoyote na kurejea kwao. Hakuna hata kimoja kati ya vifungu hivyo kinachoilazimisha nchi nyingine kumpokea.

Ni katika pengo hilo, kati ya haki ya kuondoka na hiari ya kupokewa, ambapo pesa za Wakenya hupotea.

Mlango wa kwanza uko Nairobi

Wengi huamini kuwa mpaka wa Uingereza uko London na wa Ufaransa uko Paris. Kwa hakika mpaka huanzia JKIA, au Moi mjini Mombasa, mbele ya karani wa shirika la ndege.

Kwa mujibu wa kanuni zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa angani, shirika la ndege hutakiwa kuhakikisha kuwa abiria ana stakabadhi zinazohitajika aendako, na abiria akikataliwa, ni shirika hilo linalombeba kumrejesha. Mataifa mengi yameongeza faini juu yake. Nchini Uingereza, sheria ya uhamiaji ya 1999 iliweka faini ya pauni 2,000 kwa kila abiria anayefikishwa bila stakabadhi zifaazo.

Ndiposa karani huyo huwa mkali kuliko hata afisa wa uhamiaji. Hufungua mtambo wa taarifa uitwao Timatic, unaosimamiwa na muungano wa mashirika ya ndege duniani (IATA), na kusoma masharti ya nchi husika kwa raia wa Kenya siku hiyo hiyo. Mtambo ukisema hapana, kumbembeleza ni kupoteza wakati.

Masharti yenyewe hayafanani. Milki ya Falme za Kiarabu (UAE) hutaka pasipoti iwe na miezi sita mbele. Nchi za eneo la Schengen barani Ulaya hutaka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko, pasipoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita na iwe na kurasa mbili tupu. Afrika Kusini hutaka siku 30 baada ya kukamilika kwa ziara. Anayetumia kipimo cha nchi moja kupimia nyingine hujitafutia balaa.

Kisha kuna cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile ambacho wasafiri hukikumbuka usiku wa kuamkia safari. Kenya imo katika orodha ya nchi ambako maradhi hayo yanaweza kuambukizwa, na kwa hivyo mataifa kama vile India na Afrika Kusini hukidai kutoka kwa wasafiri wanaotoka hapa. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa huwa amechanjwa bure kwa safari hiyo, na akifika India anaweza kuwekwa karantini. Angalau habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa maisha yote ya mwenyewe. Hakuna haja ya kuchanjwa upya kila baada ya miaka 10 kama zamani.

Mtego mwingine umo katika nchi ambazo msafiri hana nia ya kuzitembelea. Mkenya anayebadilisha ndege London huhitaji viza ya kupitia hata kama hatatoka nje ya uwanja, isipokuwa awe na viza au kibali cha baadhi ya mataifa, zikiwemo Marekani na Canada. Mnamo Januari 2024, Uhispania nayo ilianza kudai viza ya kupitia viwanja vyake kutoka kwa wenye pasipoti za Kenya, baada ya watu kadhaa waliokuwa na pasipoti hizo kuomba hifadhi walipofika uwanja wa Barajas, Madrid. Tiketi iliyokuwa halali Desemba ikawa karatasi tu mwezi uliofuata.

Hata pale ambapo viza ya kupitia haihitajiki, ratiba yenyewe inaweza kuizua. Anayetoka Nairobi kwenda Paris, kisha Frankfurt, kisha ng'ambo ya bahari, huwa ameingia Schengen pindi anapopanda ndege ya Paris kwenda Frankfurt, kwa kuwa safari hiyo huhesabiwa kama ya ndani. Vivyo hivyo kwa aliyenunua tiketi mbili tofauti kwa sababu ni nafuu: mzigo wake haupitishwi moja kwa moja, na ili auchukue na kuusajili upya ni lazima apite kwa afisa wa uhamiaji. Unafuu wa bei hugeuka ghali hapo.

Afisa mwenye muhuri

Anayevuka mlango wa kwanza hukumbana na wa pili, nao ndio wenye uamuzi wa mwisho. Afisa wa mpakani ana mamlaka ya kuuliza upya yale yote ambayo ubalozi uliuliza: unakwenda wapi, utakaa na nani, una pesa kiasi gani, utarudi lini na kufanya nini.

Sheria ya Schengen inasema bayana kuwa kuwa na viza peke yake hakumpi mtu haki ya kuingia. Msafiri anaweza kudaiwa aonyeshe mahali atakapolala, pesa za kujikimu, tiketi ya kurudi na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Wengi huwasilisha karatasi hizi ubalozini na kuziacha nyumbani, au huzipakia katika sanduku lililo tumboni mwa ndege wakati zinapohitajika.

Majibu yasiyolingana ndiyo huwaponza wengi zaidi. Aliyejaza katika fomu kwamba anaenda kuhudhuria mkutano wa siku tano, kisha akamwambia afisa kuwa amekuja kumtembelea dada yake kwa miezi miwili, huenda anasema kweli mara zote mbili. Kwa afisa, mmoja wa watu hao wawili ni mwongo.

Tarehe ni chanzo kingine cha mkanganyiko. Nchini Marekani, tarehe iliyo kwenye viza huonyesha siku ya mwisho ya kufika na kuomba kuingia, wala si siku ya mwisho ya kukaa. Muda wa kukaa hutolewa na afisa wa mpakani na kuandikwa katika rekodi iitwayo I-94. Mtu anaweza kuwa na viza ya miaka kadhaa na kibali cha kukaa miezi sita pekee. Akihesabu kwa kufuata viza, anavunja sheria bila kujua.

Adhabu yake si ndogo. Chini ya sheria ya Marekani ya 1996, anayepitisha muda wake kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa nje kwa miaka mitatu. Anayefikisha mwaka mmoja au zaidi hufungiwa miaka 10.

Ulaya hutumia hesabu tofauti, na ni hesabu inayowatatiza hata waliosoma. Mgeni wa muda mfupi huruhusiwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Aliyeingia Machi 1 na kukaa mfululizo hukamilisha siku zake 90 mnamo Mei 29. Kutoka hapo hawezi kurudi mwezi wa Juni wala Julai, hata akiwa na viza ya kuingia mara nyingi. Siku zake huanza kurejea Agosti 28.

Wapo wanaodhani kuwa kuhama kutoka Ujerumani hadi Uswisi huanzisha hesabu upya. La hasha. Tangu Bulgaria na Romania kukamilisha kujiunga Januari 1, 2025, eneo hilo lina nchi 29 na zote huhesabiwa kama moja. Zamani mhuri uliofifia ungeweza kumwokoa mtu. Kuanzia Oktoba 12, 2025, Umoja wa Ulaya ulianza kuweka mitambo inayorekodi alama za vidole na picha ya kila mgeni wa muda mfupi anapoingia na kutoka. Mitambo hiyo ndiyo inayohesabu siku.

Hata jirani ana mlango

Msomaji anaweza kusema kuwa haya ni matatizo ya wanaokwenda mbali. Lakini mfanyabiashara wa Busia au Namanga naye ana masharti yake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 1, 2010, ilifungua njia kwa raia wa nchi wanachama kuvuka mipaka kwa urahisi. Kwa Uganda na Rwanda, Mkenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha kitaifa tangu 2014. Tanzania haikujiunga na mpango huo wa vitambulisho. Anayekwenda Arusha au Dar es Salaam anatakiwa awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Aliyezoea kwenda Kampala na kitambulisho tu mfukoni hushangaa akirudishwa Namanga.

Isitoshe, kuvuka bila viza si sawa na kuruhusiwa kufanya kazi au kufungua duka. Hilo huhitaji kibali chake, na ni hapo ambapo wafanyabiashara wadogo wa pande zote mbili hukamatwa.

Afrika Kusini ni mfano mwingine. Baada ya ziara ya Rais Cyril Ramaphosa jijini Nairobi mnamo Novemba 2022, Wakenya walianza kuingia huko bila viza kuanzia Januari 1, 2023, baada ya malalamishi ya miaka mingi. Lakini ruhusa hiyo ni ya siku 90 kwa mwaka mzima, na ni ya matembezi. Anayekwenda kusoma au kuajiriwa bado anahitaji viza.

Kenya yenyewe haina sauti ya kulalamika sana. Rais William Ruto alipotangaza Desemba 12, 2023 kwamba wageni wote wangeingia nchini bila viza kuanzia Januari 2024, wengi walishangilia. Kilichofuata ni kibali cha kielektroniki (eTA) cha ada ya dola 30, na raia wa baadhi ya nchi za Afrika ambao awali waliingia bila kulipa chochote wakajikuta wanadaiwa. Mnamo Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliamua kuwaondolea Waafrika sharti hilo, isipokuwa raia wa Libya na Somalia kwa sababu za kiusalama, ingawa Somalia ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uliotangulia. Nairobi nayo, basi, hufunga na kufungua mlango kwa kuangalia maslahi yake.

Jina la viza ndilo hatima

Kosa ghali kuliko yote si kukosa viza bali kuwa na viza ya jina lisilofaa. Hili ndilo linalowaumiza vijana wanaokimbilia nchi za Ghuba.

Wakala humwambia kijana: nenda Dubai kwa viza ya matembezi, ukifika utatafuta kazi kisha utabadilisha. Ni kweli wapo waliofanikiwa kwa njia hiyo, na simulizi zao ndizo zinazowavuta wengine. Lakini kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kinyume cha sheria ya UAE. Mwajiri anayekubali kumtumia mtu wa aina hiyo anajua vyema kwamba mfanyakazi wake hawezi kwenda kushtaki asipolipwa mshahara.

Viza ikiisha kabla ya kazi kupatikana, faini huanza kuhesabiwa: dirhamu 50 kwa kila siku, takriban Sh1,750. Katika miezi mitatu deni hilo hupita Sh150,000, nalo ni lazima lilipwe au lisamehewe kabla mtu hajaondoka. Serikali ya UAE ilipotoa msamaha kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba 2024, wageni waliojitokeza walikuwa wa mataifa mengi. Msamaha wa aina hiyo hauji kila mwaka, na haifai kuupangia safari.

Mfano wa kuhuzunisha zaidi ulitokea Makkah mnamo Juni 2024. Katika joto lililozidi nyuzi 50, mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki, na serikali ya Saudi Arabia ikasema asilimia 83 kati yao hawakuwa na vibali vya Hija. Baadhi walikuwa wameingia kwa viza za matembezi. Kwa kuwa hawakuwa katika orodha rasmi, hawakuwa na nafasi katika mahema yenye hewa baridi wala katika mabasi, na wengi walitembea masafa marefu juani. Karatasi inayoonekana kuwa urasimu mtupu ndiyo iliyotenga waliopata kivuli na waliokikosa.

Huko Kusini-Mashariki mwa Asia, mtego umepinda zaidi. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikitoa tahadhari kuhusu kazi za kuhudumia wateja nchini Thailand zinazotangazwa mitandaoni kwa mishahara minono. Walionaswa walifika Thailand, wakavushwa mto hadi Myawaddy nchini Myanmar na kufungiwa katika maboma ya utapeli wa mitandao, ambako walilazimishwa kuwaibia watu wa mataifa mengine. Maelfu ya wageni, wakiwemo Wakenya, waliachiliwa kutoka huko mwanzoni mwa 2025. Dalili ya kwanza ilikuwa ndani ya pasipoti zao tangu mwanzo: kazi iliahidiwa, lakini viza haikuwa ya kazi.

Kulipia jibu la 'hapana'

Ombi la viza ni bidhaa ya ajabu. Mteja hulipa kwanza, na akinyimwa harudishiwi pesa zake.

Ada ya viza ya muda mfupi ya Schengen ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 mnamo Juni 2024, takriban Sh13,500. Ile ya matembezi nchini Marekani ilipandishwa hadi dola 185 mnamo Juni 2023, karibu Sh24,000. Mume, mke na watoto wawili wanaoomba kwenda kuona jamaa Marekani huwa wametumia takriban Sh96,000 kabla ya kujua kama wataenda.

Nchi moja moja huongeza masharti yake pia. Oktoba 2025 Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake walioomba viza za matembezi au biashara wangeweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au hata 15,000, zinazorejeshwa iwapo msafiri atatimiza masharti na kuondoka kwa wakati. Mwishoni mwa 2025, Mkenya wa Taveta na jamaa yake wa Moshi wangealikwa katika harusi moja huko Marekani, mmoja angelipa ada na mwingine huenda angetafutiwa dhamana.

Kwa nini watu wenye pesa benki na barua za mwaliko hunyimwa? Sheria ya uhamiaji ya Marekani, katika kifungu kinachojulikana kama 214(b), humchukulia kila mwombaji wa viza ya muda kuwa anakusudia kuhamia huko, hadi yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Mahakamani mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia. Dirishani mwa ubalozi mzigo wa ushahidi humwangukia mwombaji. Anachotafuta afisa ni sababu ya kurudi: kazi, biashara, shamba, familia, masomo.

Ndio maana salio kubwa lililoingia benki wiki moja kabla ya ombi hudhuru badala ya kusaidia. Mshahara wa Sh45,000 unaoingia kila mwezi kwa miaka mitatu huaminika kuliko Sh800,000 zilizokopwa kwa shemeji na kurudishwa siku ya tatu.

Tofauti nyingine ambayo wengi hawaijui ni kwamba aliyenyimwa viza ya Schengen hupewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa katika nchi iliyomnyima. Uingereza iliondoa rufaa ya kawaida kwa wageni wa matembezi ya kifamilia mnamo 2013, na aliyenyimwa chini ya 214(b) hana rufaa. Wote wanaweza kuomba upya, lakini kuomba upya bila lolote kubadilika ni kulipia jibu lile lile mara mbili.

Vile vile, kampuni zinazopokea stakabadhi kwa niaba ya balozi kadhaa, kama vile VFS Global, haziamui lolote. Huchukua fomu, alama za vidole na ada. Anayedai kuwa ana mtu wa ndani huko wa kupitisha viza anauza hewa.

Uongo wa wakala, adhabu ya msafiri

Hapa ndipo penye hatari ambayo haipimwi kwa shilingi. Wakala anaposema atashughulikia kila kitu, mara nyingi humaanisha kwamba mwombaji hataiona fomu yake. Atatia sahihi mwishoni, au hata sahihi hiyo atatiliwa.

Ndani ya fomu hiyo anaweza kuwa ameoa ilhali hajaoa, ni meneja ilhali ni kibarua, au hajawahi kunyimwa viza ilhali alinyimwa mwaka uliopita. Barua ya kazi ina nembo ya kampuni isiyomjua. Taarifa ya benki imetengenezwa kwa kompyuta.

Jina lililo juu ya fomu ni la msafiri, na sheria humtazama yeye. Nchini Uingereza, ombi lenye stakabadhi ghushi linaweza kukataliwa hata kama mwombaji hakujua kuwa ni ghushi, na ikithibitika kuwa alidanganya, maombi yake hukataliwa kwa miaka 10. Canada humfungia aliyetoa maelezo ya uongo kwa miaka mitano. Marekani haiweki ukomo: aliyejaribu kupata viza kwa udanganyifu hufungiwa maisha, labda apewe msamaha maalumu. Wakala huyo wakati huo amekwisha kuhamisha ofisi na kubadilisha nambari ya simu.

Kujaribu nchi nyingine hakufuti yaliyopita. Marekani, Uingereza, Canada, Australia na New Zealand hubadilishana taarifa za waombaji, zikiwemo alama za vidole. Mfumo wa viza wa Schengen huhifadhi rekodi za maombi kwa miaka mitano, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Kijana wa miaka 22 aliyedanganyiwa fomu ili aende kufua nguo hotelini anaweza kujikuta amefungiwa milango atakapopata nafasi halali ya masomo akiwa na miaka 27.

Kwa wanaotafuta ajira, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husajili mawakala wa kibinafsi na mtu anaweza kuangalia kama jina la wakala limo kabla ya kulipa chochote. Ni hatua ndogo, na haimkingi mtu dhidi ya kila uovu, kwa kuwa hata aliyesajiliwa anaweza kudanganya. Lakini aliyesajiliwa ana anwani, na anaweza kushtakiwa.

Swali ambalo halijajibiwa ni kwa nini mawakala hao bado wana soko, ilhali masharti ya karibu kila nchi yamo mitandaoni bila malipo. Sehemu ya jibu ni lugha. Masharti hayo yameandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu. Mikataba ya kazi ya Ghuba huja kwa Kiarabu, pengine na Kiingereza pembeni. Msichana wa Kwale au Kakamega aliyemaliza darasa la nane hutia sahihi chini ya maneno asiyoyaelewa, akimtegemea mtu anayelipwa pale tu atakaposafiri.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wizara za Masuala ya Kigeni na Leba, ambazo hulazimika kuwarejesha Wakenya waliokwama kwa gharama ya umma, zingeweza kuchapa kwa Kiswahili ukurasa mmoja kwa kila nchi inayopokea Wakenya wengi: aina ya viza, siku za kukaa, ada halisi, chanjo na nambari ya simu ya ubalozi wetu huko. Ukurasa huo ungebandikwa katika ofisi ya kila chifu na kila kituo cha Huduma, mahali ambapo kijana hupita kutafuta kitambulisho na pasipoti kabla hajakutana na wakala.